Diski Tatu za Mzee Rajabu

Siku yangu ya mwisho kazini vijana wa idara walininunulia keki, wakaniomba nihutubie, nikakataa. Wakaniomba basi niandike, nami nikakubali, kwa sababu anayeandika hapigiwi makofi. Habari za vyeo sitaandika. Nilivyopata vilikuwa vidogo na vilichelewa. Nitaandika habari za nafasi. Kila Jumatatu nilikuwa nawasikia mkilalamika kwamba seva imebaki na nafasi kidogo, kisha mnaagiza diski nyingine, mnaichomeka, mnakwenda kunywa chai. Mimi kutafuta nafasi nilijifunzia katika nyumba moja kule Kimbo, Ruiru, miaka ya tisini, na kusema kweli sijawahi kupona.

Nilianzia Thika, kwenye karakana ya Bwana Gurdip, Kalasinga aliyekuwa fundi wa redio kabla kompyuta hazijaingia mjini. Nilitoka kwetu Murera na cheti cha kozi ambayo tulifundishwa zaidi kuwasha na kuzima. Siku ya kwanza nilivaa sketi mpya na viatu vya kisigino. Bwana Gurdip alinitazama kuanzia juu hadi chini, akanipa brashi ya kupaka rangi. Nilidhani nitapaka ukuta. Kumbe ilikuwa ya kupangusa vumbi jekundu ndani ya kompyuta, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa muda mrefu, kupangusa. Jioni yake mama aliniuliza kompyuta zikoje, nikamwambia ni chafu.

Kifaa Bwana Gurdip alichokipenda kuliko vyote kilikuwa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliiweka juu ya diski, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Alikuwa anasikiliza. Diski nzima, alisema, inavuma kama nyuki walioshiba; diski mgonjwa inagonga. Ninyi mna programu za kuwaambia afya ya diski, nami nimezitumia, lakini bado nina bisibisi yangu nyumbani na bado naiamini zaidi.

Alinifundisha pia jambo la nafasi, siku ambayo mteja mmoja alitaka tumuunganishie diski zake kuukuu ziwe kama moja. Programu za kufanya hivyo zilikuwepo tayari: unachukua diski tatu ndogo, zinaonekana kama ghala moja kubwa, na nafasi iliyobaki inajumlishwa. Mimi nikafurahia ile jumla. Bwana Gurdip akasema, "Wewe msichana, una gunia tatu, kila moja imebaki nafasi ya viazi viwili. Haya, weka boga." Nikacheka. Akaongeza, bila kucheka, kwamba ukiunganisha diski umeunganisha na vifo vyao. Hilo la pili nililisikia kama mtu anavyosikia tangazo la redio akiwa anaosha vyombo.

Karakana yetu ilihudumia kiwanda kimoja cha nguo, nami nikawa wa kupelekwa huko kila kitu kilipoharibika. Huko ndiko nilikokutana na Mzee Rajabu. Alikuwa mtu wa Majengo, Thika, mrefu, mpole, mwenye wino mweusi kwenye kucha usiotoka hata siku ya Idi. Yeye ndiye aliyechora leso za kiwanda kile karibu maisha yake yote. Kwa wasiojua, leso ina sehemu tatu: pindo, ambalo ni ukingo wa kuzunguka pande zote, mji, ambao ni uwanja wa katikati, na jina, yaani maneno yanayoandikwa chini ya mji. Mzee alichora kila sehemu kwenye filamu yake, karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, kwa wino mweusi. Rangi zilikuwa kichwani mwake. Niliwahi kumwambia ningependa kuona leso yenyewe, akanijibu kwamba leso ni kivuli tu, kazi ni filamu.

Kisha mitumba ikaingia. Sihitaji kueleza, nyote mmevaa mitumba, na mimi pia. Kiwanda kilipunguza watu zamu moja baada ya nyingine, mpaka siku moja nilipofika kutengeneza mashine ya kuchapia barua nikamkuta mlinzi peke yake na paka. Mwenye kiwanda, Bwana Kantilal, alikuwa anafungasha. Jengo lilikuwa linakodishwa kuwa ghala, na nadhani mnaweza kubahatisha ghala la nini. Mashine zilikwisha kuuzwa kwa mtu wa vyuma vikuukuu, na filamu za Mzee Rajabu zikiwa ndani ya mauzo hayo, kwa kuwa mtu yule alinunua kila kilichokuwemo kwa kilo, hata plastiki.

Bwana Kantilal hakuwa mtu mbaya. Alimwita Mzee akampa kompyuta mbili za chumba cha uchoraji, skana, na diski tatu zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisini, akamwambia achukue kabla navyo havijahesabiwa kuwa vyuma. Filamu hakuweza kumpa, alishauza. Ila mlinzi angemruhusu atoke na gunia moja la filamu, azinakili kwenye kompyuta, alirudishe, achukue jingine, hadi mtu wa vyuma atakapokuja na lori.

Mzee alikuwa amehamia Kimbo, kwenye ploti ya vyumba vichache aliyoishi na bintiye Mwanaisha. Mkewe alikuwa ameshafariki. Na alikuwa na sukari, na sukari ilikuwa imeshuka machoni. Daktari alimweleza wazi kwamba macho yale yanaondoka. Wakati huohuo mfanyabiashara mmoja wa leso kutoka Mombasa, Bwana Fahmi, aliyezijua kazi zake tangu zamani, alimwambia kwamba akimwonyesha michoro iliyo kamili ataipeleka ichapwe nje. Mzee hakuwa na shauku ya utajiri. Alitaka kuona leso yake ikitoka kwenye mtambo mara moja tena kabla hajaacha kuona. Aliniambia hivyo siku ya kwanza nilipokwenda, kabla sijavua koti, ndipo akaniuliza kama nitaweza kusaidia. Ningemjibu nini?

Basi Jumamosi zangu zikawa za Kimbo. Mashine ya kuhifadhi tuliiweka chumba cha kulala cha Mwanaisha, na waya ukapita ukutani hadi sebuleni kwenye kompyuta ya pili, iliyokuwa na kioo kikubwa, Mzee apate kusogeza uso na kuona. Hiyo ndiyo seva yangu ya kwanza kuipenda, iliyokaa kati ya kitanda na cherehani. Mwanaisha aliifunika kwa leso kuukuu, kama watu wanavyofunika televisheni na redio, vumbi la Kimbo lisiingie. Nilimwonya asiifunike ikiwa inawaka, itapata joto. Kwa hiyo kila nikifika nilikuwa naikunja ile leso, naiweka kitandani, nawasha mashine. Nikimaliza nazima, naifunika.

Diski zile zilikuwa ndogo sana. Nikiwaambia ukubwa wake mtadhani nimekosea. Skana nayo ilikuwa mlafi, mji mmoja tu ulimeza nafasi ambayo ingehifadhi barua zote za ofisi ya chifu. Tukaziunganisha tatu zikawa ghala moja, na hapo ndipo Mzee alipotoa sharti lake. Kiwandani, alisema, vitambaa viligawiwa mitambo sawasawa, mtambo mmoja usichoke wakati mwingine umelala. Alitaka diski zigawiwe hivyohivyo. Na ukiangalia kifundi alikuwa na haki. Ukijaza diski ya kwanza kabla ya kugusa ya pili, moja inafanya kazi yote na mbili zinalala. Nikaandika kijiprogramu: kila faili inayokuja iende kwenye diski iliyo tupu zaidi wakati huo. Uliingia mji, ukaenda huku. Likafuata pindo, likaenda kule kwa kuwa kule sasa ndiko kutupu. Jina likaenda kwenye ya tatu. Baa tatu za kuonyesha nafasi zilishuka pamoja, sawasawa, kama ng'ombe watatu wanaokunywa kwenye hori moja. Mzee alizipenda zile baa. Alikuwa anauliza, "Ziko sawa?" na Mwanaisha anamjibu ziko sawa.

Nafasi ilipoanza kubana ndipo nilipoelewa lile boga la Bwana Gurdip. Kioo kinasema nafasi ipo ya kutosha, ukileta mji unakataliwa, maana ile nafasi imetawanyika vipande vitatu na hakuna kipande kinachoutosha. Nikawa nahamisha faili kutoka diski hadi diski kama mtu anayepanga magunia upya kwenye stoo, nikifuta takataka za programu, nikibana kilichobanika. Kufuta mchoro Mzee alikataa katakata. Nilijaribu kumshawishi aache zile leso ambazo hazikuuzika. Akaniuliza, "Mtoto asiyepata kazi unamfuta?"

Nakala ya akiba hatukuwa nayo. Najua mnachofikiria. Vidisketi vya wakati ule havikutosha hata nusu ya mji mmoja, na mashine za kuhifadhi kwenye kanda zilikuwa za mabenki. Niliwaambia wazi kwamba hatuna nakala na hatuna jinsi ya kuipata. Gunia lilikuwa linarudi, jingine linakuja, na lori la mtu wa vyuma lilikuwa njiani. Lilikuja siku ambayo gunia la mwisho lilikuwa limerudishwa. Tulizimaliza zote. Mwanaisha alipika pilau, na Mzee akasogeza uso wake karibu na kioo, akizipitia moja moja kwa namba, nami nikazijua pia: kumi na saba ilikuwa na pindo la mikufu, na mji wenye ua moja kubwa lenye petali zilizojikunja. Zote nyeusi kwa nyeupe. Nafasi iliyobaki haikutosha hata jina moja, na nilijivunia jambo hilo kuliko cheti chochote nilichowahi kupata.

Bwana Fahmi akatuma habari kwamba anakuja. Jumamosi iliyotangulia ujio wake nilikwenda kuhakikisha kila kitu kiko tayari. Umeme ulikuwa umepotea asubuhi, ukarudi kwa kishindo, ukapotea, ukarudi. Nilipowasha mashine nilisikia kabla sijainama. Diski ya katikati ilikuwa inagonga. Niliweka bisibisi sikioni ingawa haikuhitajika, nikasikiliza kule kugonga, tak, tak, tak, kisha kimya, kisha tena. Nilizima. Mzee aliniita kutoka sebuleni akauliza kama ziko sawa. Nikamwambia moja inaumwa, naipeleka Thika.

Sikuwa na kitu cha kuifungia. Mwanaisha akachukua ile leso ya kufunikia, akaikunja mara kadhaa iwe nene, tukaifunga diski ndani pamoja na mwenzake mzima, na nikaipakata mpaka Thika kama mtoto mchanga.

Bwana Gurdip aliifungua leso juu ya meza yake ya kazi, akasikiliza, akafumba macho kwa muda mrefu kuliko kawaida. Diski zetu zilikuwa za aina moja, kwa hiyo alijaribu jambo ambalo nimewahi kulijaribu mwenyewe mara chache tu tangu siku ile: alifungua kibao cha saketi chini ya diski nzima, akakihamishia kwenye ile mgonjwa. Mimi nilimshikia taa. Akawasha. Ikagonga. Alirudisha kibao kwa mwenyewe, akafuta bisibisi.

"Imejikwaruza ndani," alisema. "Hapa hakuna kazi tena. Funga, rudisha kwa mzee."

Nilijiambia njiani kwamba hasara ni theluthi moja, na theluthi mbili ya kazi ya mtu si haba. Nilikuwa najidanganya kwa hesabu, na nilikuja kujua nilipoketi sebuleni Kimbo, nikazifungua zile diski mbili zilizobaki, na Mwanaisha akaanza kusoma orodha kwa sauti. Kumi na tano, pindo lipo, jina lipo, mji haupo. Kumi na sita, mji upo, jina lipo, pindo halipo. Kumi na saba, pindo lipo, mji upo, jina hakuna. Aliendelea hivyo. Kijiprogramu changu kilikuwa mwaminifu mno. Kila leso kiliigawa sawasawa kwenye diski tatu, na kwa hiyo kila leso ilikuwa imepoteza kiungo. Tungekuwa wazembe, tukajaza diski moja baada ya nyingine, theluthi moja ingekufa na theluthi mbili zingekuwa hai. Sasa tulikuwa na theluthi mbili ya kila kitu, na hakuna hata kimoja.

Mzee Rajabu alisikiliza mpaka mwisho. Mikono ilikuwa magotini.

"Tulizigawa sawa," alisema.

"Tulizigawa sawa, Mzee."

"Na nakala hatuna."

"Hatuna, Mzee."

Mwanaisha alirudi chumbani. Nilimsikia akiikung'uta ile leso, maana ilikuwa imeshika mafuta kwenye meza ya Bwana Gurdip, kisha akaifunika mashine. Hapakuwa na sababu ya kuifunika.

Bwana Fahmi alikuja kama alivyoahidi. Alikuwa mtu wa adabu, alikaa, akanywa chai, akatazama vipande kwenye kioo, akavisifu. Akapendekeza pindo la hii liwekwe kwenye mji wa ile. Mzee akamwambia pindo na mji huchorwa pamoja kama mtu na uso wake. Kuchora upya visivyokuwepo hakuweza, macho yalikuwa yamefikia kutofautisha dirisha na ukuta tu. Bwana Fahmi akasema kwa upole, "Mzee wangu, mimi nauza leso, siwezi kuuza vipande." Aliondoka akiwa amesikitika kwelikweli, na hatukumwona tena.

Niliendelea kwenda Kimbo Jumamosi kadhaa, bila kazi. Nilikuwa naogopa kuacha. Mzee aliacha kuuliza habari za diski. Macho yalipoondoka kabisa aliacha kuuliza habari za mambo mengi, akawa anakaa mlangoni penye jua, na akisikia hatua zangu anasema, "Wanjiku, karibu," kisha basi. Skana iliuzwa. Mimi nikapata kazi nyingine, Jumamosi zikawa chache, na mwisho nikawa nasikia habari zake kwa simu kutoka karakana.

Habari za kifo chake pia nilizipata kwa simu hiyo. Nilipofika Kimbo wanaume walikuwa wamekwisha kwenda makaburini na uwanja ulikuwa umejaa wanawake kutoka Majengo, waliokuja kwa basi zima. Nilipewa kisu na karai la viazi. Nilimenya. Mbele yangu alikuwa ameinama mama mmoja akichochea moto, na leso aliyojifunga kiunoni ilikuwa na pindo la mikufu.

Niliiangalia kwa muda kabla sijajua ninachokiangalia. Kisha aligeuka, nikaona ua moja kubwa lenye petali zilizojikunja. Lilikuwa jekundu. Sikuwahi kujua kwamba lilikuwa jekundu. Na chini ya ua lilikuwepo jina, herufi zote, lile ambalo Mwanaisha alisoma kwamba hakuna. Nilimwuliza ile leso ameitoa wapi.

"Si ni ya Rajabu?" alisema. "Zote hizi ni zake, mwanangu, tumezivaa kwa ajili yake. Hii imechakaa, nilikuwa nimeiacha ya jikoni."

Nikainua macho. Walikuwa wanapita na sufuria, wanatandika mikeka, wanabeba watoto. Kumi na tano ilikuwa inachota maji. Kumi na sita ilikuwa imelala begani mwa msichana, pindo likiwepo. Namba zote nilizozihamisha diski hadi diski, nikizitafutia nafasi, zilikuwa zinatembea uwanjani, nzima, zina rangi. Tulimwambia mtu mzima hatuna nakala, na yeye akakubali, kwa kuwa kwake leso ilikuwa kivuli na kwangu ilikuwa faili, na Majengo yote walikuwa wamezifunga kiunoni. Nililia pale, na akina mama wakaniambia nijikaze, Mzee amepumzika.

Niliweka kisu chini nikaingia chumbani kwa Mwanaisha. Mashine ilikuwa palepale kati ya kitanda na cherehani. Niliitoa leso, na kwa mara ya kwanza sikuikunja, niliitandaza kitandani. Doa la mafuta la karakana lilikuwepo. Pindo lilikuwepo, mji ulikuwepo, na chini yake maneno: WEMA HAUOZI.

Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Alinitazama, akaitazama leso, nikaona anavyoelewa polepole, kutoka machoni hadi mikononi, mpaka akaliweka sinia chini.

"Hiyo Baba alimchorea Mama," alisema. "Iko hapo tangu mashine iletwe."

Nje walikuwa wanamwita alete chumvi. Alishika upande mmoja, mimi nikashika mwingine, tukaikunja, tukaifunika mashine.